Pembe ya Nne

Mkate wetu, Mwokaji Lienhart,
uliulaza kifudifudi mwisho wa ubao,
kitako juu, uso chini,
asije mtu akaugusa kwa kusahau.
Sarafu zangu hukuzipokea mkononi.
Ulisukuma bakuli la siki
nikazidondosha moja moja,
chubwi, chubwi,
nawe ukatazama dirishani
kama mtu anayehesabu mawingu.

Nilikuwa na miaka tisa.
Kazi ya baba niliijua kabla ya jina lake,
maana jina lake, Veit, alilitamka mama tu,
tena ndani, komeo likiwa limefungwa.
Nje alikuwa "yule".
Yule amepita. Yule ameketi.
Kanisani benchi lake lilikuwa nyuma ya nguzo
na divai ilimfikia mwisho, baada ya ombaomba.
Kilabuni, stuli ya miguu mitatu
na kikombe kisicho na kifuniko, kimetiwa mnyororo ukutani.
Mara moja tu nilimsikia akicheka:
"Hata kikombe changu wamekihukumu."

Huo mchana.
Usiku mlango wetu haukulala.
Waligonga kwa kucha, si kwa ngumi,
wamejitanda shuka hadi puani:
mke wa diwani na titi lenye jipu,
mshona viatu aliyeteguka bega,
maana ajuaye kuutenga mfupa
ndiye ajuaye kuurudisha.
Nawe ulikuja, Lienhart. Usikane.
Ulimbeba Endres, mkono wake unaning'inia
kama kamba ya kengele.
Baba akaupapasa, akamuuliza jina la mbwa wake,
na mtoto alipofungua kinywa kujibu
mfupa ukasema ka!
Ulilia. Ulimshika baba mkono, kwa mikono yako yote miwili.
Asubuhi mkate ulikuwa kifudifudi.

Mwezi wa pili, theluji magotini,
mama akashikwa na uchungu.
Mkunga Gertraud alitumiwa habari,
akajibu kwamba mto umefurika, hauvukiki.
Mto ulikuwa umeganda.
Watoto walikuwa wakiteleza juu yake.
Baba akazalisha mwenyewe
kwa mikono iliyojua kila kiungo cha binadamu
isipokuwa njia yake ya kuingilia duniani.
Wakaenda wote wawili,
mama, na mdogo wangu asiyewahi jina.

Jeneza lina pembe nne.
Baba alishika moja.
Mjomba Barthel, mtu wa upanga huko Weidach,
alitembea siku mbili kuja kushika ya pili.
Ya tatu aliishika mchuna mizoga,
amenawa mpaka viwikoni.
Kisha baba akasimama katikati ya njia,
kofia mkononi,
akasubiri.
Kuzikana si fadhila, ni deni,
na mji mzima tulikuwa tukiudai.
Madirisha yalijaa watu.
Milango ilikuwa mitupu.

Nikaingia chini ya pembe ya nne.
Jeneza likainamia upande wangu, nilikuwa mfupi,
nikamsikia mama akiserereka ndani,
taratibu,
mpaka akagota ubaoni karibu na sikio langu.
Njia nzima, hadi nje ya ukuta wa mji,
alinilalia hivyo.

Sasa upanga ni wangu.
Sikuuchagua; mwana wa "yule" hawi seremala.
Anayekanda ni Endres.
Mkono umenyooka vizuri, hautetemeki
hata anapougeuza mkate wangu.
Nimesikia nyonga yako imekataa ngazi, Lienhart.
Komeo silifungi usiku.

Mama alikuwa na mazoea.
Kabla ya kukata aliugeuza mkate,
akaupangusa unga kwa kiganja,
akauambia, "Haya, umefika kwa watu."
Jioni ile ya maziko ulikaa mezani, kitako juu.
Baba upande ule, mimi upande huu,
tukautazama
mpaka mshumaa ukaisha.